Bei ulishamtumia mwenzake

Kwenye ule ubishi wa kama mpiga picha anaweza kukataa harusi ya watu wa jinsia moja kwa sababu ya dini yake, mi zamani nilikuwa upande wa mpiga picha moja kwa moja, na bado nusu ya roho yangu iko huko, maana kupiga picha za harusi sio kuuza soda. Unashinda na watu kutwa nzima, we ndo unawaambia haya sogeeni, mshike kiuno, mwangalie, cheka kidogo, halafu usiku unakesha kwenye kompyuta unatafuta ile moja kati ya mia ambayo chozi limetoka ila meikapu bado ipo. Mtu akisema dini yake haimruhusu kuifanya kazi hiyo kwa moyo, namwelewa.

Kilichonivuruga ni kesi ya Elane Photography, studio ya picha ya jimbo la New Mexico huko Marekani. Mwaka 2006 mwanamke mmoja aliwaandikia imeili kuulizia picha za sherehe yake na mwanamke mwenzake, akajibiwa kwamba wao hawapigi za hivyo. Baadaye mwenzake akaandika kimya kimya bila kutaja jinsia ya mtu, akatumiwa bei, akaambiwa wanaweza hata kukutana. Kamera ile ile jamani! Hapo utetezi wangu ukaanza kupwaya.

Mahakama ya juu ya jimbo iliamua 2013 kwamba studio iliyofungulia milango umma haiwezi kubagua, japo iliwaambia wako huru kubandika tangazo kwamba hawakubaliani na ndoa hizo. Kichekesho ni kwamba 2006 jimbo lenyewe lilikuwa haliwafungishi watu hao ndoa. Halafu 2023 ikaja kesi ya 303 Creative, ya mbunifu wa tovuti wa Colorado, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba halazimishwi kubuni ujumbe asiouamini, yaani tovuti za harusi za jinsia moja, so wapiga picha nao wakapata pa kushikia.

Mi naona hivi, kama imani yako haitaki harusi yenye pombe, sawa, usipige ya mtu yeyote, hata ya shemeji yako. Hiyo ni kanuni ya kazi yako. Ila ukisubiri kwanza ujue mteja ni nani ndo kanuni iamke, hapo unamkataa mtu, usisingizie picha.

Na yule anayepokea kazi kwa kuogopa kesi, hela ya watu kala, halafu anawaletea albamu ya migongo ya wageni, huyo bora angekataa tu.