Mtambo wa Chuma na Uzito wa Maneno: Toleo la 33 la Spider-Man

Toleo la 33 la jarida la katuni la The Amazing Spider-Man, la Februari 1966, linaanza pale ambapo hadithi nyingi za mashujaa zingekaribia kuisha. Shujaa, kijana Peter Parker ambaye ndiye Spider-Man, amebanwa chini ya mtambo mkubwa wa chuma katika maficho ya adui yake Doctor Octopus yaliyo chini ya maji, dari linavuja, na mbele yake, mahali ambapo mkono wake haufiki, ipo dawa inayohitajika kumwokoa mlezi wake aliye mahututi hospitalini. Steve Ditko ndiye aliyetunga mkasa na kuuchora; Stan Lee ndiye aliyeandika maneno. Kwa muda mrefu nimejiuliza kama maneno hayo yanaubeba mchoro au yanauelemea.

Swali hili lina msingi katika namna kazi ilivyofanyika. Katika kampuni ya Marvel ya miaka ile, kwa kawaida mwandishi hakumkabidhi mchoraji hati iliyokamilika. Mchoraji alichora kurasa zote kwanza, kisha mwandishi akajaza viputo vya mazungumzo na maelezo, na kufikia toleo hili Ditko alikuwa akiupanga mkasa mwenyewe, huku yeye na Lee wakiwa wamefika hatua ya kutozungumza kabisa. Kwa hiyo maneno ya Lee yaliingia katika picha ambazo tayari zilikuwa zimesema jambo, na ni halali kuuliza kila kiputo kimeongeza nini.

Tazama mchoro wenyewe. Mwanzoni chuma kinatawala karatasi na mwili wa kijana unaonekana kama kitu kilichosahauliwa chini yake. Anasukuma, anashindwa, anainamisha kichwa, maji yanazidi kudondoka. Ditko harukii ushindi. Anarudia tendo lile lile kisanduku cha picha baada ya kisanduku, akibadilisha kidogo tu pembe ya mgongo na mkazo wa mikono, na kadiri kijana anavyojiinua ndivyo visanduku navyo vinavyopanuka, mpaka mtambo unapoinuliwa na mchoro mmoja kumiliki ukurasa mzima. Msomaji asiyejua hata neno moja la Kiingereza anaelewa kwamba nafasi imepatikana kwa sababu mtu ameipigania. Sijaona mahali pengine ambapo ukubwa wa kisanduku umefanywa kuwa sehemu ya hadithi kwa uaminifu kiasi hiki.

Wanaosema maneno yangepunguzwa wana hoja nzito, na sisi Watanzania tuna ushahidi wa kuitia nguvu: Kingo, mhusika wa katuni wa James Gayo, amekuwa akituchekesha na kutufikirisha bila kutamka lolote, na hakuna aliyelalamika kwamba hakumwelewa. Katika kurasa za Ditko, kijana anayesukuma chuma kwa nguvu zake za mwisho anaendelea kueleza, kwa sentensi ndefu, kwamba anasukuma chuma kwa nguvu zake za mwisho. Mtu aliyeelemewa hivyo hana pumzi ya kuhutubia.

Hata hivyo, kwetu Dodoma kuna ushahidi wa upande wa pili. Michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo na maeneo jirani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wanyama ambao mwendo wao bado unatambulika. Unauona mwendo, lakini nani alikuwa nani kwa nani, na nani alikuwa akidaiwa nini, mchoro hausemi. Katika toleo la 33 deni ndilo kila kitu. Ditko amechora nyuso za wazee wawili zikimjia kijana katika mateso yake, lakini ni maneno yanayotuambia kwamba mmoja ni Ben, aliyeuawa na mwizi ambaye Peter Parker alimwacha apite, na mwingine ni May, ambaye Peter ameapa kwamba huyu hatampoteza.

Jambo hili nililihisi kwa nguvu nilipokuwa nikimsomea mpwa wangu wa miaka tisa toleo hili nyumbani Chang'ombe, nikitafsiri papo kwa papo. Kiingereza humwita May kwa neno moja, aunt, ambalo wengi hulitafsiri kuwa shangazi. Lakini Ben anatumia jina la ukoo la Parker, basi ni ndugu wa baba yake Peter, na kwa mvi zile nilimwita baba mkubwa bila kusita. May, mkewe, akawa mama mkubwa. Mtoto akakaa wima. Mama mkubwa aliyekulea ni mama, na mchoro peke yake usingeweza kumpa neno hilo.

Kwa hiyo hukumu yangu haimpi ushindi kamili yeyote, ingawa haigawanyi sawasawa. Maneno ya Lee ni ya lazima hadi pale nyuso zile mbili zinapotokea. Baada ya hapo, mgongo unapoanza kunyooka, sehemu kubwa yanarudia yanayoonekana, na sifa ya kurasa zile ni ya Ditko. Wapo wanaotetea wingi wa viputo kwa kusema kwamba humchelewesha msomaji na kumfanya asikie uzito. Hoja hiyo ina mantiki, ila ucheleweshaji huo Ditko alikwisha kuujenga kwa kurudia tendo. Sehemu iliyobaki, mapambano na wafuasi wa Octopus na safari ya kwenda hospitalini, imechorwa vizuri na inasomeka haraka.

Nilipofika kwenye visanduku vinavyopanuka niliacha kutafsiri, na mpwa wangu hakuniuliza kitu. Jioni mama yake alimwomba amsimulie alichosoma. Alieleza kwa maneno kwamba mama mkubwa wa yule kijana alikuwa anaumwa na dawa ilikuwa mbali, kisha akanyamaza, akajikunja chini ya meza, akaegemeza mabega kwenye ubao, akaanza kuinuka polepole.