Herufi za Ndege za Kivita za Marekani: Namba Ivumiliwe, Herufi Ilindwe

Tarehe 21 Machi 2025 Marekani ilitangaza kwamba ndege yake mpya ya mapigano ya angani, itakayoundwa na Boeing, itaitwa F-47. Namba kubwa iliyokuwa ikitumika wakati huo katika mfululizo wa F ulioanza upya mwaka 1962 ilikuwa 35, kwa hiyo wanaofuatilia alama hizi za herufi na namba waliuliza mara moja namba za katikati zimekwenda wapi. Jeshi la Anga lilieleza kuwa 47 inaienzi ndege ya P-47 ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1947 ambao jeshi hilo lilianzishwa, pamoja na mchango wa rais wa 47 wa nchi hiyo. Maelezo hayo yalifufua hoja ya siku nyingi: je, alama ya ndege ya kivita ni taarifa inayopaswa kufuata kanuni, au ni jina tu ambalo mwenye ndege ana hiari ya kulichagua?

Ili kulipima swali hilo ni lazima kwanza kujua kanuni yenyewe inasema nini. Mfumo unaotumika ulianza tarehe 18 Septemba 1962, na alama husomwa kuanzia kwenye kistari kurudi kushoto. Tuchukue NKC-135A. Herufi iliyo jirani na kistari, C, inatoa kazi ya msingi, yaani uchukuzi. K inaongeza kwamba ndege hiyo imebadilishwa ili ijaze ndege nyingine mafuta angani. Na N inaarifu kwamba imetengwa moja kwa moja kwa majaribio maalumu. Baada ya kistari huja namba ya muundo, kisha herufi ya toleo. Kwa njia hiyo hiyo F ni mapigano ya angani, A ni kushambulia malengo ya ardhini, B ni mabomu, P ni doria, T ni mafunzo na X ni utafiti. AC-130, kwa hiyo, ni ndege ya mizigo iliyofungwa mizinga ubavuni, na anayeijua kanuni huyaelewa hayo bila kuonyeshwa picha.

Kabla ya hapo kila jeshi lilikuwa na lugha yake. Jeshi la Wanamaji lilikuwa likiingiza herufi ya kiwanda ndani ya alama, na matokeo yake yalikuwa ya ajabu: ndege ileile ya Corsair iliitwa F4U ilipotoka Vought, FG ilipotoka Goodyear, na F3A ilipotoka Brewster. Phantom nayo, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1958, ilikuwa F4H kwa wanamaji na F-110 kwa Jeshi la Anga, hadi kanuni mpya ilipoziita zote F-4. Fundi anayeagiza kipuri na mwanasheria anayeandika mkataba hawakuweza kuendelea kufanya kazi na majina mawili au matatu ya kitu kimoja. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya wanaotaka kanuni iheshimiwe, nami naiona kuwa nzito.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja zisizostahili kupuuzwa. Kwanza, kanuni hii haijapata kufuatwa kwa ukamilifu. F-13 haikuwahi kuwapo, na F-19 ilirukwa ili kampuni ya Northrop ipate F-20. Ndege iliyotangazwa mshindi wa shindano la ndege mpya ya mapigano Oktoba 2001 ingestahili kuwa F-24, lakini ilibeba namba ya ndege yake ya majaribio, X-35, ikawa F-35. B-21 nayo ilipewa namba hiyo kwa heshima ya karne ya 21, ingawa mfululizo wa ndege za mabomu ulikuwa umefika B-2 tu. Anayeilaumu F-47 peke yake anasahau kwamba njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na wengi.

Pili, kazi za ndege zimechanganyika. F-16 ilibuniwa iwe ndege nyepesi ya kupambana na ndege nyingine, lakini katika vita ilizopigana imedondosha mabomu mengi mno. Kama ndege moja inafanya kazi tatu kwa siku moja, wasemao kwamba herufi moja haitoshi hawakosei. Wanaweza pia kuutaja mfano wa Umoja wa Kisovieti, ambako Su, MiG na Tu zilitaja ofisi ya ubunifu tu: Su-25 hushambulia ardhini na Su-27 hupambana angani, na marubani wake hawakupotea kwa kukosa herufi ya kazi. Mfano huo lakini una upande mwingine. Nchi za Magharibi, zilizokuwa zikizitazama ndege hizo kwa mbali, zililazimika kuzibunia majina ambayo herufi yake ya kwanza inataja kazi: Bear na Backfire kwa ndege za mabomu, Flanker kwa ndege ya mapigano. Aliye ndani ya jeshi anaweza kuishi bila herufi kwa kuwa anaijua ndege yake. Aliye nje ndiye anayeihitaji, na wananchi wanaolipia ndege hizo wengi wao wako nje.

Hapo ndipo ninapotengana na pande zote mbili, kwa sababu mabishano haya huchanganya mambo mawili yasiyolingana uzito. Namba ikirukwa, kinachopotea ni mpangilio. Anayesikia F-35 hadanganywi kuhusu kazi ya ndege hiyo. Anakosa tu kujua kwamba hakukuwa na ndege kumi na moja kati yake na F-23. Hasara hiyo ni ndogo, ingawa F-47 ina kasoro ya ziada ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha: mwaka 1948, Jeshi la Anga lilipoiacha herufi P ya ndege za kufukuza adui na kuchukua F, ile P-47 yenyewe iligeuka kuwa F-47. Jina jipya, basi, lilikwisha kubebwa na ndege ileile inayoenziwa. Ni haki kukiri kwamba mwaka 1962 kuhesabu kulipoanza upya majina mengi yalijirudia, na wanahistoria wamezoea kulitazama hilo. Kinachonikera zaidi ni namba kufungwa na mtu aliyeko madarakani, kwa maana ndege hutumika miaka hamsini na zaidi, na B-52 ni shahidi.

Herufi ni jambo jingine, kwa sababu inadai kitu kuhusu kazi ya ndege. F-117, ambayo namba yake ni ya hesabu ya zamani, ilianza kazi mwaka 1983 na ikafichwa hadi 1988. Haikuwa na rada, haikuwa na mzinga, na kazi yake ilikuwa kupenya usiku na kuachia mabomu mawili juu ya shabaha. Kwa kanuni ilikuwa A au B, lakini ilivaa F. U-2 nayo ilipewa herufi ya ndege za shughuli za kawaida ili isijulikane kuwa ni ya upelelezi. Usiri wa aina hiyo naukubali wakati siri ingali siri, lakini siri ikishafichuka sioni sababu ya kuiacha herufi isiyo ya kweli iendelee kukaa kwenye hati.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi uzito wa herufi ni wa mwaka 1966. Thailand haikuruhusu ndege za mabomu ziwekwe katika ardhi yake, na Marekani ilitaka kuipeleka huko B-26K. Ndege haikubadilishwa, kilichobadilishwa ni herufi, ikawa A-26A, ikaenda. Wanaodai kwamba herufi ni urembo wanapaswa kueleza kwa nini badiliko la herufi moja lilitosha kufungua mlango wa nchi nyingine. Vivyo hivyo Septemba 2002 F-22 iliitwa F/A-22 ili ionekane kuwa inafaa pia kwa mashambulizi ya ardhini, wakati ambapo gharama zake zilikuwa zikihojiwa, kisha Desemba 2005 ikarudi kuwa F-22A. Mkwaju ule, yaani alama ya /, hauna nafasi katika kanuni, sawa na wa F/A-18 uliotangulia. Kama kazi kweli imeongezeka, kanuni ina njia yake: herufi ya badiliko huwekwa mbele ya ile ya msingi, kama ilivyofanywa kwa KC-135 na AC-130 bila kumchanganya mtu yeyote.

Wapo watakaojibu kwamba kusahihisha kuna gharama, maana vitabu vya mafunzo, lebo za vipuri na mikataba vyote hubeba jina la zamani. Ni kweli, lakini gharama hiyo imekubaliwa mara nyingi kwa sababu ndogo zaidi. Droni ya Predator ilikuwa RQ-1, ya upelelezi, hadi ilipofungwa makombora. Mwaka 2002 ikaitwa MQ-1, ambapo M inamaanisha kazi mbalimbali. Jina lilifuata kazi, na mafundi wakaendelea na shughuli zao.

Machi 2025, mwezi uleule wa F-47, droni mbili zilipewa alama za YFQ-42A na YFQ-44A. Ukizisoma kuanzia kwenye kistari kama kanuni inavyotaka, Q inakwambia hazina rubani, F inakwambia ni za mapigano ya angani, na Y inakwambia bado ni za mfano. Ni mara ya kwanza F kuwekwa kwenye ndege iliyobuniwa tangu mwanzo iruke bila mtu ndani yake, na yeyote anayeijua kanuni alilielewa hilo siku hiyohiyo, kabla ya kusoma maelezo mengine yoyote.