Nimeoga maziwa Nyari, na si kwa kupenda

Najua mmeshaiona ile video. Jamaa yangu wa kamera ameirusha jana usiku, akaandika "kijana apandisha pepo Marafa", na mpaka asubuhi shangazi yangu wa Kilifi alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama nimekula. Sikupandisha chochote. Wala sikulia, lile ni jasho. Yeye video yake ameianzia katikati, sasa sikilizeni mwanzo.

Tulikuwa tunapiga ile sehemu ya msafiri wa wakati. Wafuasi wa zamani mnajua: koloni la Mirihi, tangi la maji linavuja, wakazi wameanza kushikana mashati, na mimi wa kesho nakuja kumwonya mimi wa leo. (Siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika 39, ndiyo maana mimi wa kesho anafika amechelewa. Hilo nimelitunga mwenyewe na hamkulisifu.) Kwa Mirihi, hapa pwani hakuna kuishinda Nyari ya Marafa, ile ardhi nyekundu iliyochongwa na mvua mpaka ikabaki minara. Na msidhani mambo ya anga hayatuhusu. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani, ilirushwa hapahapa, baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970.

Kujipiga video ukaonekana wawili si uchawi. Simu inafungwa kwenye stendi, chini yake unaning'iniza mfuko wa mchanga ili upepo usiitikise, kisha haiguswi mpaka mwisho. Unaiweka hali ya ndege, unabonyeza skrini na kushikilia mpaka mwanga na fokasi vijifunge, la sivyo nusu ya picha itakuwa adhuhuri na nusu magharibi. Unachagua mstari wa kugawa. Sisi tulichukua mnara mmoja mwembamba, na hapo hauvuki mkono, mguu wala kivuli. Unacheza kushoto, unabadilisha nguo, unacheza kulia, tena chapuchapu, maana jua linasogea nyuzi 15 kwa saa na ikishapita saa kumi na moja jioni vivuli vinarefuka huku unaviona. Kinachowaumbua wengi ni macho. Usipowekewa kitu cha kutazama, utaonekana unagombana na kifua cha mwenzako. Tukachomeka fimbo, tukaifunga leso kwenye kimo cha macho yangu. Maneno ya mimi wa leo nilikuwa nimeyarekodi na kuacha nafasi za majibu, nikawa nayasikia kwa visikizi, masikio yote mawili.

Kofia ya anga ilikuwa chupa ya maji ya lita 20, ile ya mashine za ofisini, imekatwa kitako kwa msumeno wa chuma. Mdomo wake unabaki juu, ndiyo tundu la hewa. Ukingo wa chini tukaugundisha sponji ya godoro usinikate shingo. Kichwa kikiingia, sponji inalala kuelekea ndani na masikio yanapita bila tabu. Ukivuta kutoka, inageuka na kuyashika masikio kwa nyuma, kama ndoana ya samaki. Hilo hakuna aliyelijua bado.

Basi. Nimepiga magoti mbele ya leso. Chupa imejaa ukungu wa pumzi, naona wekundu na weupe tu. Nanyosha mikono: "Wewe ni mimi! Mbona hunitambui?" Sauti inatetemeka, na ilitetemeka vizuri, naomba hilo lihesabiwe. Tone la jasho likateremka ndani ya chupa likafyeka njia nyembamba kwenye ukungu, na kwenye ile njia nikaona jiwe lina soksi.

Soksi nyeupe, zimekunjwa mara mbili. Kando yake soksi nyingine. Nikapandisha macho taratibu: marinda, sweta, sweta, sweta, mwalimu, mwongozaji wa wageni na mkono wake umesimama hewani. Darasa zima la ziara. Mwongozaji alikuwa amefika pale kwenye kisa cha matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akaghadhibika na ardhi ya hapo ikadidimia.

Nikasema nivue chupa nitoe salamu kiungwana. Haitoki. Nikavuta, masikio yakaniambia nisirudie. Mwongozaji akainama, midomo inacheza, bila shaka ananiuliza kama ni mzima. Lakini mimi nilichosikia ni sauti yangu mwenyewe: "Nani amekutuma?"

Na mimi, mtu wa kukariri, nikamjibu: "Nimetumwa na kesho!"

Soksi zote zikarudi nyuma hatua moja. Na yule wa kamera? Anasema nilimkataza kugusa stendi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Sabuni hakuna, mafuta hakuna, na mama mmoja anapita na kidumu cha maziwa lala. Mwongozaji akapiga kelele, "Mama, si maziwa! Si hapa!" Kidumu kilikuwa kimeshainamia mdomo wa chupa. Yakashuka baridi kichwani, masikioni, ndani ya shati. Mwalimu akavuta, nikatoka. Nikamlipa mama maziwa yake, na nikiwa bado najifuta ndevu nikamsikia mtoto mmoja akiuliza, "Mwalimu, ndiye huyu tajiri mwenyewe?"

Picha zenyewe zimesalimika, maana stendi haikusogea. Wanafunzi wote wamesimama upande wa kulia wametoa macho, wakazi halisi wa koloni lisilo na maji, na mwalimu amekubali tuwaache mradi nyuso zizibwe. Tatizo ni kivuli changu, wakati wa kuvutwa kimeuvuka mnara. Tutarudia Jumamosi, saa kumi kamili. Sponji safari hii tunaibandika juu, utosini, na mdomo wa chupa nauziba kwa chandarua.