Bahari ya Mlimani

Mtoto wa Tanga ukimweka Kraków, mji ulio mbali na bahari kama Dodoma, baada ya muda utamkuta dukani ananusa makopo ya samaki. Mimi nilishafika huko. Ijumaa moja ya mwezi wa Juni nikamuuliza mwenzangu wa chumba, Mpolandi, kesho twende wapi. Alikuwa anapiga mswaki. Akatema povu, akasema: "Może Morskie Oko."

Kipolandi changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini maneno hayo yote ninayo. Morze ni bahari. Morskie, ya bahari. Oko, jicho. Bahari, Jicho la Bahari! Sasa niulize nini tena? Nikatia mkobani bukta, taulo na miwani ya kuogelea, ndara nikaziweka mlangoni, kisha nikamtumia shangazi ujumbe wa sauti kwamba kesho naenda pwani. Akanijibu kwa kigelegele.

Asubuhi jamaa kavaa buti na koti zito. Nikamhurumia kimoyomoyo: watu wa bara hawa, hata kwenda ufukweni hawajui. Basi likashika njia ya kusini. Kwenye ramani Baltiki iko kaskazini, lakini nani kaniteua kondakta? Zakopane tukawakuta akina mama wanauza jibini la kondoo lililokaushwa kwa moshi. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Pwani gani hii, pweza hakuna, jibini tele?

Tukashukia Palenica Białczańska. Kutoka hapo ni mguu, barabara ya lami inayopanda mlima kilomita zipatazo 9, msonobari kulia, msonobari kushoto. Hatujafika hata nusu, kamba ya ndara ikachomoka tunduni. Nikaifunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki, ikachomoka. Nikafunga tena fundo chini ya soli, sasa kila hatua nakanyaga fundo. Mikokoteni ya farasi iliyobeba watalii ikawa inatupita, na hao watalii wote wananitazama miguu.

"Bahari bado?" nikauliza, pumzi zinakata.

"Bahari ipi?"

Kumbe bwana yule alisema może, si morze. Może ni "labda". Labda Morskie Oko! Yanaandikwa tofauti, lakini mdomoni ni sauti ileile, "mozhe". Akanieleza, mwenyewe hata hahemi, kwamba hiyo rz zamani ilikuwa na r yake inayosikika, na majirani zao Wacheki mpaka leo wanaitamka kivyao katika moře. Wapolandi wao wakaiacha ikafanana na ż, nami ndiye ninayelipa kwa nyayo.

Tulipofika, ni ziwa. Zuri, silikatai, maji ya kijani kibichi, lakini ni ziwa, mita 1,395 juu ya usawa wa bahari yenyewe. Mlima Rysy wa mita 2,499 umelisimamia, makorongoni theluji bado imelala. Kuogelea marufuku, ni hifadhi ya taifa. Nikakaa juu ya jiwe, taulo nimejitanda mabegani kwa baridi.

Nikadai anieleze: kwa nini basi mkaliita la bahari? Akasema wazee wa milimani walisimulia kwamba ziwa hili limeungana na bahari chini kwa chini, na mabaki ya merikebu zilizozama huko huibukia hapa. Baadaye nikaifuata asili ya neno lenyewe nikakuta ni kizee kinachozurura: Warusi wana more, Walatini walikuwa na mare, Wajerumani wana Meer, zote bahari. Ila Waholanzi, meer kwao ni ziwa! Nikamsomea jamaa kwa sauti. Kama neno zima limeshindwa kuamua, mimi wa kutoka Tanga ningeamua vipi?

Shangazi alipopata picha akauliza mawimbi yako wapi, na kwa nini nimevaa ndara kwenye theluji. Ikabidi nisimulie yote, na merikebu nikazitia. Picha ikaingia kundi la ukoo, ukoo ukacheka mpaka usiku. Mjomba peke yake, fundi wa ngalawa, hakucheka. Alituma ujumbe mmoja tu:

"Hizo mbao zinazoibuka, waulize wanauzaje."