Tunagombea udongo Ujerumani, Mtwara tunaumwagia zege

Naandika haya kwa watu wa Kusini mwa Tanzania tulioko nje na tunaojenga nyumbani. Wengi tunajenga: Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Lindi upande wa Mitwero, kila mtu na kiwanja chake. Nyumba zinapendeza, Mungu awazidishie. Linaloniuma ni uwanja. Nyumba ikishapakwa rangi, hela ya mwisho inakwenda kwenye pevingi na zege, ukuta hadi ukuta, mpaka hapabaki pa kuchomeka hata mche wa pilipili. Kisha sisi hao hao, tukirudi huku Ulaya, tunajiandikisha kwenye orodha na kusubiri miaka kadhaa ili tukodishiwe kipande cha udongo. Mimi jambo hili silikubali.

Naishi Stuttgart. Hapa mtu wa kawaida anapanga ghorofani, na udongo wote alionao uko kwenye vyungu vya roshani. Anayetaka kulima anajiunga na chama cha bustani. Chama kina eneo kubwa, mara nyingi pembeni mwa mji au kando ya reli, limegawanywa vipande kwa wanachama. Sheria yake ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi mita za mraba 400, na kibanda kisizidi mita za mraba 24 pamoja na upenu wake, wala kisifanywe makazi. Tena bustani ni lazima ilimwe. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba kwa kawaida walau theluthi moja ya eneo iwe na mboga na matunda. Ukipanda nyasi tupu na kuweka viti vya kupumzikia, uongozi wa chama utakufuata. Bustani hizi zimeanzia Leipzig, karne ya 19, na hadi leo watu huziita kwa jina la daktari Schreber wa mji huo, ingawa alifariki 1861 kabla hazijaanza.

Fikiria: nchi yenye viwanda vyote hivi inamlazimisha mtu kisheria apande karoti.

Na wanalima kwa shida. Mkulima wa hapa anaishi kwa kalenda ya baridi. Nyanya anazisia ndani, dirishani, mwezi Machi. Zikipata nguvu anazitoa nje mchana na kuzirudisha ndani jioni. Kuzihamishia bustanini anasubiri zipite siku wanazoziita za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, maana usiku mmoja wa barafu unateketeza kila kitu. Ikifika Oktoba, mambo yameisha. Rafiki yangu ana kipande kwenye chama na ameniachia tuta, nasia mchicha humo. Unaota vizuri tu, lakini ni wa miezi ya joto. Baada ya hapo tunakula uliokaa kwenye friza.

Mtwara mchicha unaanza kuchuma wiki ya tatu au ya nne tangu kusia, mwezi wowote, mradi una maji. Mpapai unazaa ndani ya mwaka. Kisamvu unakata kijiti, unakichomeka, unaondoka. Mtu aliyepewa jua la namna hiyo anawezaje kulifunika kwa simenti?

Kilichonisukuma hasa kuandika ni maji ya mvua. Miji mingi ya Ujerumani inamtoza mwenye nyumba ada kwa kila mita ya mraba ya paa na zege inayopeleka maji ya mvua kwenye mtaro wa mji. Ukibandua zege ukarudisha udongo, ada inapungua. Na jimbo hili ninaloishi, Baden-Württemberg, mwaka 2020 liliweka wazi kwenye sheria yake ya mazingira kwamba bustani za kumwaga kokoto tupu kwenye viwanja vya nyumba haziruhusiwi. Walikuwa wameanza kufunika udongo wa mbele ya nyumba kwa kokoto, eti usafi na kazi kidogo. Wakaona kokoto zinahifadhi joto, nyuki hawana pa kutua, udongo chini unakufa. Yaani Ulaya tunayotaka viwanja vyetu vifanane nayo yenyewe inabandua, sisi tunabandika.

Najua kwa nini watu wanaweka pevingi, na sababu zenyewe sizidharau. Mchanga wa Mtwara unaingia ndani na miguu, na anayefagia asubuhi na jioni ni mama au dada. Nyoka anaogopwa, na ni haki aogopwe. Gari linataka pa kusimama. Halafu kuna heshima: watu wakipita getini wakaona uwanja unang'aa, wanajua mtoto wa fulani yuko Ulaya. Hili la mwisho ndilo kubwa, na ndilo linalotuponza, kwa sababu sisi wenyewe hatukai pale. Tunaletewa picha, tunapiga moyo kwenye WhatsApp, basi. Anayekaa pale ni mzazi. Yeye ndiye anayelala na joto ambalo zege limelishika mchana kutwa na kulitoa usiku dirishani kwake, na feni ikizunguka hadi alfajiri LUKU inaisha mapema. Mvua kubwa ikija, maji ya uwanja mzima yanatoka kwa kishindo getini kwenda kwa jirani aliye bondeni, na ugomvi wa hapo anausuluhisha mzazi, si wewe.

Kwa mama yangu, Chikongola, maji ya bafu la nje yanapita kwenye kijifereji hadi kwenye migomba. Nyuma ya migomba kuna mipapai, pembeni mchaichai. Fundi alipokuja kurekebisha ukuta akapendekeza pale papigwe zege, pawe pasafi. Mama akamuuliza, "Mwanangu, ukishapiga zege hapo, ndizi nitakuja kuchuma kwako?" Fundi akacheka, akaacha. Ule mfereji ni kazi ya akili: maji hayatuami, mbu hawazaliani, ndizi zipo mwaka mzima. Sharti ni kwamba maji yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yamwagwe pengine, na mboga za majani zisimwagiliwe kwa maji ya bafu.

Hapo hapo kuna jambo moja ambalo hata kwa wazazi wetu nalipinga kwa heshima zote, nalo ni kuchoma majani. Mtwara asubuhi na mapema kila ua una moshi. Mwembe umedondosha, mkorosho umedondosha, yamefagiwa yakawa fungu, kiberiti. Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Maji yanapita, mbolea inapita nayo, na kitu pekee cha kuyashika ni majani yaliyooza. Ukiyachoma unabaki na jivu ambalo mvua ya kwanza inaondoka nalo. Huku kwenye vyama vya bustani kila kipande kina fungu lake la mboji, na tangu 2015 sheria inataka hata maganda ya jikoni yakusanywe peke yake. Wajerumani wanaupenda udongo kwa sababu wanajua thamani yake. Madukani unauzwa kwenye mifuko ya plastiki, unaubeba mgongoni kwenye treni.

Kwa hiyo uwanja ufagiwe, ila kiberiti kikae jikoni. Chimba shimo la kina cha magoti kwenye kona yenye kivuli. Majani ya mkorosho ni magumu na yanachelewa kuoza, yakanyage au uyakatekate kwanza. Weka tabaka la majani makavu, juu yake maganda ya ndizi na mihogo, magugu mabichi, mabibo yaliyooza wakati wa msimu, samadi ya mbuzi ukiipata, kisha makavu tena. Mwagia maji, funika kwa makuti, geuza mara kwa mara. Kwa joto la kwetu, miezi miwili au mitatu inatosha. Huku wanasubiri karibu mwaka.

Sasa naomba nieleweke vizuri. Sisemi tuige bustani za Ulaya. Vijana wa nyumbani wananitumia picha za mtandaoni za matuta ya masanduku ya mbao yaliyoinuliwa hadi kiunoni, wanauliza bei ya mbao. Masanduku hayo huku yana sababu: udongo ni mzito na baridi, ukiuinua unapata joto mapema na maji ya ziada yanachuja. Mtwara hatuna shida hiyo. Tuta la kuinua kwenye mchanga wa Shangani, mwezi wa Agosti, litakauka kabla hujarudi na ndoo ya pili. Kwetu tuta la kiangazi linatakiwa lizame. Chimba chini mkono mmoja, tandika makumbi ya nazi yaliyolowekwa, upande wa nyuzi ukitazama juu, changanya mchanga na mboji, rudisha, lakini acha tuta liwe chini ya usawa wa njia kwa vidole vinne au vitano. Kila tone linakwenda kwenye mmea. Mvua za Desemba zikianza, jaza hadi juu, mboga zisije zikaoza mizizi.

Na kama unataka mradi wa kupendeza, wa kuwaonyesha wageni, tumia mtungi. Wafinyanzi wapo Kusini. Nunua mtungi wa udongo mtupu, usiopakwa rangi. Ujaribu kwanza: ujaze maji, uuache kivulini usiku kucha. Asubuhi ukikuta nje umetoa jasho, huo unafaa. Ukiwa mkavu kabisa, huo ubaki mapambo tu. Uzike hadi shingoni, mdomo ubaki juu kidogo ili mchanga usiingie. Panda bamia, nyanya au matango kuuzunguka, umbali wa shibiri moja. Jaza maji, funika kwa kifuu au kigae, mbu wasipate pa kutaga. Maji yanapenya taratibu kwenye ukuta wa mtungi na mizizi inayafuata. Unajaza kila baada ya siku chache, kutegemea jua. Kwa mzazi ambaye hawezi kubeba ndoo kila jioni, na kwenye mitaa ambayo maji ya bomba yanatoka kwa zamu, sijaona njia iliyo bora kuliko hii. Wadudu wakianza, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Vidukari kwenye mchicha na bamia wanapungua.

Kwenye mipaka, kisamvu cha mpira ni ua na ni mboga. Mlonge vilevile, unakubali kwa mbegu au kwa tawi. Mlangoni panda asumini, harufu yake ya jioni haipatikani kwenye pevingi ya rangi yoyote. Kuhusu miti ya matunda, mwembe uliobebeshwa unazaa mapema na haupandi mrefu mno. Mkorosho naupenda kama kila mtu wa Kusini, ila nafasi inayopendekezwa ni mita 12 kati ya mti na mti, kwa hiyo kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 huo ni mti mmoja tena mbali na karo la choo. Wenye shamba ndio waende Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, wakaulizie miche bora. Na wakiupanda wajue ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu kama unga, unakuja na dawa ya salfa inatakiwa.

Swali ninaloulizwa kila nikisema haya ni nani atamwagilia na mimi nipo Stuttgart. Anayekaa kwenye nyumba. Kama ni mzazi, anza na alivyozoea, usimletee maua ya dukani yanayokufa wiki ya pili. Kama ni kijana unayemlipa atunze nyumba, mwambie waziwazi mboga ni zake, ale na auze. Utashangaa atakavyotunza. Kama umepangisha, mruhusu mpangaji alime. Wapo wenye nyumba wanaokataza kana kwamba mchicha utabomoa msingi.

Mwenye fundi saiti sasa hivi amtumie ujumbe kabla simenti haijaagizwa. Ukitaka nakili huu wangu: "Fundi, pevingi iwe njia ya kutoka getini hadi mlangoni, baraza ya nyuma na mbele ya jiko la nje. Gari liwekewe mistari miwili ya matairi, katikati ukoka. Kuzunguka kuta acha mita moja na nusu tupu, ya kufagiwa, nyoka asipate pa kujificha. Maji ya paa yaingie kwenye simtanki, yakizidi yaende kwenye migomba, yasitoke getini. Kona ya kaskazini usimwage kitu, pale ni shimo la mboji. Mchanga mweusi mliochimba kwenye msingi msiuuze. Tafadhali nipigie tukubaliane bei upya."