Kamati ya mazishi tunayo, ya kuuguza iko wapi?

Mtu akifariki asubuhi, ikifika adhuhuri ukoo umeshaunda kamati. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp, orodha ya michango, mtu wa turubai na viti, mtu wa kupokea wageni stendi. Lakini marehemu huyo huyo huenda alilala kitandani miaka minne kwa kiharusi, na muda wote huo aliyemgeuza, kumlisha na kumsafisha alikuwa mtu mmoja. Hilo halikuundiwa kamati. Naamini tunawachosha wanaouguza mpaka wanaugua wao, ilhali uwezo wa kuwapokea mzigo tunao.

Asiyewahi kuuguza hajui kazi yenyewe. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiunoni, nyongani na visiginoni inakufa na kidonda kinachimbika hadi ndani. Kwa hiyo hakuna kulala. Ongeza pampasi za kubadilisha, uji wa kijiko kimoja kimoja kwa sababu kumeza kumekuwa shida, mazoezi ya mkono uliokakamaa, na foleni ya dawa. Kama mzee ameanza kupoteza kumbukumbu, ataamka saa nane usiku akitaka kwenda shambani. Dada yangu, aliyebeba sehemu kubwa ya kumuuguza baba yetu, aliacha kuhudhuria kliniki yake mwenyewe ya presha. Angemwacha mzee na nani?

Uchovu wa namna hii hauondoki kwa kulala usiku mmoja. Mtu anamfokea mgonjwa, kisha anajifungia bafuni kulia kwa majuto. Usingizi haumjii hata akipata nafasi. Hapokei simu za ndugu. Watu wanasema siku hizi fulani ana maneno. Hana maneno, amechoka! Hata Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza uchovu wa kupindukia katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya iliyopitishwa mwaka 2019, liliufunga kwenye mambo ya ajira tu, likasema usitumike kueleza sehemu nyingine za maisha. Anayemuuguza mama yake nyumbani hafanyi kazi hiyo kwa mwajiri, basi uchovu wake hauandikwi kwa jina hilo.

Sisi tunampa pole, na tunamwambia atapata radhi za wazazi. Radhi naziamini kwa moyo wote. Ila mtoto mmoja akifanya kazi ya watoto watano, wale wanne nao wanajiondolea sehemu yao ya radhi hizo. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye Dar es Salaam au Muscat akituma pesa kila mwisho wa mwezi huona ametimiza. Pesa ni lazima, pampasi hazinunuliwi kwa dua. Lakini pesa haiamki saa nane usiku.

Kinachosaidia ni zamu zenye jina na siku. "Tutasaidiana" si zamu. Fulani analala chumba cha mgonjwa Ijumaa na Jumamosi, hiyo ndiyo zamu. Aliye mbali achukue likizo yake ya mwaka, aje wiki mbili, alale pale pale, na anayeuguza aondoke kabisa nyumbani. Kikao cha ukoo kiitishwe mapema, daktari akishasema huu ugonjwa ni wa muda mrefu, na anayeuguza azungumze wa kwanza, kabla ya baba wakubwa na mashangazi.

Na watoto wa kiume, samahani, lakini hili linawahusu ninyi. Katika nyumba nyingi mzee anaogeshwa na binti au mke wa mwanawe. Wote wawili wanaona haya, mzee anageuzia uso ukutani, huku vijana wake wapo barazani. Kumwogesha baba kunafundishika. Muuguzi wa wodini atakuonyesha kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani, ukimwomba.

Wageni nao wapunguze kuja kuhudumiwa. Njoo na chakula kilichoiva, kaa na mgonjwa kwa muda wa saa tatu, mwambie anayeuguza akalale au aende saluni.

Kuna sehemu ya serikali pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 ilipotungwa, iliweka angalau siku nne za likizo yenye malipo mzazi wako akifariki. Kwa mzazi aliye mgonjwa haikuweka hata moja. Yaani sheria nayo ilifuata mila ile ile ya kungoja msiba. Hili linapaswa kupigiwa kelele na vyama vya wafanyakazi. Vilevile, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapopita nyumba kwa nyumba kuulizia wagonjwa, wamuulize na anayeuguza: analala saa ngapi, anakunywa dawa zake, nani anampokea. Akijibu kwamba hakuna, jibu hilo liandikwe, na mhudumu awapigie simu wale ndugu wengine yeye mwenyewe. Akipiga mtu wa afya, watapokea.