Kudaiwa Makazi Mahali Usipoishi
Kinachoniudhi katika maombi ya viza ya uhamiaji ya mke wangu ni fomu ya I-864, yaani hati ya kiapo ya kumdhamini mhamiaji kifedha, ambayo humtaka raia wa Marekani anayeishi nje kama mimi athibitishe kwamba makazi yake yako Marekani, au kwamba atahamia huko kabla ya mwenzi wake kuingia au pamoja naye. Sisi tunaishi Muscat, Oman, kazi yangu iko hapa, na mshahara unaotutosha sote hauhesabiwi kwa kuwa utakoma siku tutakapohama. Hata nikipata mdhamini mwenza mwenye kipato kikubwa, sharti la makazi linabaki juu yangu. Basi nahangaika kutafuta vielelezo: akaunti ya benki ya kule, barua za maombi ya kazi, hata mkataba wa nyumba ambayo hatujaikanyaga, ilhali kodi ya nyumba ya hapa nayo inadaiwa. Wapo wanaoshauriwa watangulie peke yao ili wapate ushahidi huo, yaani mume na mke watenganishwe na maombi yaliyokusudiwa kuwaweka pamoja! Huu ni uonevu, na sharti hili linapaswa kulegezwa kwa wanandoa ambao tayari wanaishi nyumba moja.